Hesabu Meno Kabla ya Kuhesabu Fedha: Mazungumzo juu ya Kuchagua na Kupanga Pikipiki Mpya kwa Njia za Mbinga na Nyasa



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ununuzi wa pikipiki mpya itakayofanya kazi nje ya lami. Kahawa ikishauzwa, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo, na wengi wetu hununua pikipiki katika majuma machache ya msimu huo. Ni fedha ya jasho la mwaka mzima. Isitoshe, chombo hicho hakibebi magunia tu. Usiku mama anapopata uchungu kijijini na gari halipo, pikipiki ndiyo inayomfikisha hospitali. Kwa hiyo haifai kununuliwa kwa macho peke yake.

Mimi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ndefu, tairi zake zilikuwa na vinundu vikubwa, na bomba la moshi lilikuwa limeinuliwa juu. Muuzaji hakuniuliza niendako, wala mimi sikumwambia. Juma la kwanza nilipakia gunia la kahawa nikaanza kupanda. Katikati ya mlima injini ikazidiwa. Nikarudi gia namba moja, ikazidiwa tena, ndipo nikaanza kuishika klachi nusunusu hadi nikasikia harufu ya kuungua. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimebadili pleti za klachi mara mbili, na nilikwisha kushauriwa niiuze ninunue yenye injini kubwa zaidi. Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee. Aliinama kando ya gurudumu, akahesabu kwa kidole, kisha akaniuliza: “Mwanangu, ulipoinunua, uliyahesabu meno?” Akabadili kigurudumu kimoja cha chuma kinachoenea kiganjani, na kesho yake nikapanda mlima ule ule na gunia lile lile.

Meno aliyoyasema ni ya sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Sproketi ndogo iko mbele, karibu na injini, na kubwa iko kwenye gurudumu la nyuma. Ukigawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele, unapata idadi ya mizunguko ambayo sproketi ya mbele huzunguka ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Idadi hiyo ikiwa kubwa, pikipiki huvuta kwa nguvu lakini hukimbia polepole. Ikiwa ndogo, hukimbia kwa wepesi lakini huchoka mlimani. Ni sawa na mtu anayepanda mlima kwa hatua fupi na mwingine anayetaka kuupanda kwa hatua ndefu.

Tuchukue mfano. Pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma: 42 kugawanya kwa 14 ni 3. Ukiweka sproketi ya mbele yenye meno 13, unapata takriban 3.23. Nguvu ya kuvuta imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 8, na injini ni ile ile. Ukiiacha ya mbele na kuweka ya nyuma yenye meno 45, unapata takriban 3.21, ambayo ni karibu sawa. Kwa mfano huu, jino moja linalopunguzwa mbele hufanya kazi ya meno matatu yanayoongezwa nyuma. Ndiyo maana mtu mwenye busara hubadili jino moja tu mbele, akajaribu, kisha akaamua.

Lakini hakuna kinachopatikana bure. Injini iliyokuwa ikikupeleka kilomita 60 kwa saa, kwa mzunguko ule ule sasa itakupeleka takriban 56. Kwenye lami utaisikia ikilia zaidi, na ukilazimisha mwendo wa zamani, mafuta yatakwisha mapema. Tena sproketi ndogo mno huikunja cheni kwa ukali na kuichakaza. Kama kipima mwendo kinaendeshwa na gurudumu la mbele, kitaendelea kusema kweli. Kama kinaendeshwa kutoka kwenye gia, kitaonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio nao.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe “Ina cc ngapi?” Liwe “Mimi nakwenda wapi, na nimebeba nini?” Katika eneo letu majibu hutofautiana sana. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000. Mtu anayetoka Mbamba Bay kwenda milimani anapanda nchi ambayo hata hewa yake hupungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Pikipiki iliyojaribiwa vizuri ufukweni inaweza kuwa dhaifu juu.

Mkulima wa Litembo au Maguu, ambaye kila siku anapita kwenye miteremko ya mashamba ya ngoro akiwa na mbolea au kahawa, anafaidika na meno yanayovuta, na mwendo wa lami haumhusu sana. Kijana anayebeba abiria kati ya Mbinga na Mbamba Bay katika barabara ya lami, akiingia vijijini mara chache, huenda hahitaji kubadili chochote. Mchuuzi wa usipa anayekwenda Liuli au Lituhi anakutana na mchanga unaohitaji injini kuvuta kwa utulivu bila kuzimika. Chukueni kalamu, andikeni safari zenu za juma moja. Ikiwa zaidi ya nusu ya safari hizo ni za mlima, matope au mchanga mkiwa na mzigo, meno ya kuvuta yanawafaa. Ikiwa nyingi ni za lami, yaacheni ya kiwandani.

Baada ya meno, cheni. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Cheni ya zamani isifungwe kwenye sproketi mpya, wala mpya kwenye sproketi zilizochongoka. Zikichakaa, zibadilishwe zote tatu kwa pamoja. Ukiongeza meno nyuma, cheni inaweza kuwa fupi. Ukipunguza mbele, italegea na kuhitaji kukazwa. Kiasi cha kulegea kimeandikwa katika kitabu cha maelekezo. Kumbukeni kwamba pikipiki inapobeba mzigo, sehemu ya nyuma hushuka na cheni hukaza zaidi. Kwa hiyo mkishairekebisha, mtu aketi juu yake na mzigo uwekwe, kisha mhakikishe bado inacheza kidogo. Cheni iliyokazwa kama uzi wa zeze hula beringi, na siku moja hukatika.

Tairi nazo zichaguliwe kwa njia, si kwa sura. Vinundu vikubwa hushika matope mekundu ya masika, lakini kwenye lami huisha upesi, na lami ikilowa hushika kidogo. Anayetumia njia zote mbili atafute tairi ya kati. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa mzigo utakaobebwa. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi ishike matope. Lakini ukiwa na gunia nyuma, tairi laini ikigonga jiwe hubanwa na rimu, tyubu hupasuka, na rimu yenyewe hupinda.

Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina pete ya kuzungusha yenye ngazi kadhaa. Ngazi ya chini ni ya mtu mmoja. Ya juu ni ya abiria au mzigo. Wengi hununua pikipiki, wakaitumia hadi inachakaa, bila kuigusa pete hiyo. Nyuma ikilala, usukani huwa mwepesi na taa humulika juu ya miti. Hapa pana onyo kwa waliobadili meno: pikipiki yenye nguvu ya kuvuta, iliyopakiwa gunia nyuma kabisa ya keria, inaweza kuinua gurudumu la mbele kwenye mwinuko mkali. Mzigo usogezwe mbele kadiri inavyowezekana, na klachi iachiwe taratibu.

Tumezungumza sana juu ya kupanda. Hatari kubwa zaidi, ndugu zangu, ni kuteremka. Ipo desturi ya kuzima injini au kuweka gia huru kwenye miteremko ili kuokoa mafuta. Anayefanya hivyo ameukabidhi uhai wake na wa abiria kwa breki peke yake. Breki zikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kupoteza nguvu, tena bila kumpa dereva nafasi ya pili. Teremkeni mkiwa katika gia ndogo ili injini iishike pikipiki, na breki zisaidie. Na hapa meno ya kuvuta yana faida nyingine: pikipiki inayopanda vizuri hushikwa vizuri zaidi na injini inapoteremka. Akiba ya nusu lita ya petroli hailingani na mfupa mmoja uliovunjika.

Sasa twende dukani. Kwanza, ongozaneni na fundi mnayemwamini, wala msione haya, maana kuuliza si ujinga. Hesabuni meno ya mbele na ya nyuma, muyaandike. Ulizeni kama sproketi za idadi nyingine zinapatikana kwa aina hiyo ya pikipiki, na kama vipuri vinapatikana Mbinga au Songea. Pikipiki ya bei nafuu isiyo na vipuri karibu ni ghali.

Pili, mwambieni muuzaji kazi ya pikipiki, na mwambieni kwa maandishi. Chini ya sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi maalumu anayoihitaji, na kuonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini mnunuzi akitaja jina la biashara tu, akasema “Nipe ile”, kinga hiyo inaweza kumponyoka. Kwa hiyo ombeni iandikwe kwenye hati ya mauzo: “Itatumika kubeba gunia moja la kahawa katika njia za milima.” Mstari mmoja wa wino una thamani kuliko ahadi kumi za mdomo.

Tatu, mkitaka meno yabadilishwe, yabadilishwe na muuzaji mwenyewe kabla pikipiki haijatoka dukani, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha dhamana. Mkibadili wenyewe baadaye, mnaweza kuambiwa kwamba dhamana imekufa. Ulizeni jambo hilo mapema, na jibu liandikwe.

Nne, linganisheni namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Daini risiti ya mashine ya EFD, yenye kiasi halisi mlicholipa. Bila risiti, malalamiko yenu yatakosa mguu wa kusimamia.

Tano, pikipiki ikiwa mpya, msiipakie mzigo mzito wala kuilazimisha mwendo mkubwa katika kilomita za mwanzo zilizotajwa kitabuni. Badilini oili ya kwanza kwa wakati, kazeni upya nati na spoku, na msafishe chujio la hewa mara kwa mara, hasa kiangazi vumbi linapotanda.

Pikipiki ikikutwa na kasoro, rudini kwa muuzaji upesi, mpelekeeni malalamiko kwa maandishi, na mbaki na nakala. Asipowasikiliza, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo hushughulikia pia bidhaa bandia. Mkitilia shaka ubora wa kipuri au kofia ngumu, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lipo kwa ajili hiyo. Sproketi bandia ya chuma laini huchongoka mapema, na cheni bandia hukatika mahali ambapo hakuna wa kukusaidia.

Ndugu zangu, nimalizie nilipoanzia. Yule fundi mzee hakuniuzia pikipiki mpya. Alinifundisha kwamba ile niliyokuwa nayo haikuwa mbovu, bali ilikuwa imepangwa kwa njia isiyo yangu. Wapo wengi leo wanaokopa ili wanunue injini kubwa, ilhali tatizo lao ni jino moja. Kabla hamjazitoa fedha za kahawa mfukoni, jueni njia yenu, jueni mzigo wenu, kisha inameni kando ya gurudumu mkahesabu. Muuzaji mwema atawasubiri mmalize kuhesabu. Asiyetaka kusubiri, mwacheni na pikipiki yake.