Cheti, Hospitali na Jina la Ugonjwa

Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, huku kwetu cheti cha KCSE hakichezewi. Shule ya Nyambaria ilipovuma nchi nzima katika matokeo ya 2022, furaha ilifika hata kwa wasio na mtoto pale. Basi niruhusu nianzie kwenye cheti.

Audrey Mbugua Ithibu alifanya mtihani huo mwaka 2001, kwa jina la kiume alilopewa na wazazi, akapata A-. Mwili wake ulikuwa wa kiume, lakini yeye alijijua mwanamke, na mvutano huo ukamtesa. Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, waliitambua hali yake na wakaanza kumtibu. Akabadilisha jina, akaishi kama mwanamke, lakini cheti kikabaki vilevile. Ni mwajiri gani angekipokea? Baraza la Mitihani lilipokataa kukibadilisha alikwenda mahakamani, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaagiza atolewe cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia.

Miongoni mwa yaliyowekwa mbele ya jaji ulikuwa ushahidi wa hospitali. Jina la ugonjwa ambalo madaktari waliipa hali yake lilimsaidia. Jina hilohilo, likitajwa sokoni Daraja Mbili, lingetosha kumfanya aitwe kichaa.

Je, ni ugonjwa wa akili? Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza hali hii katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1980. Mwaka 2013 kikabadili msimamo: kujiona wa jinsia nyingine si ugonjwa kwenyewe, kinachotibiwa ni dhiki inayoambatana nako, yaani disforia ya jinsia. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbali zaidi. Katika orodha iliyoidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Halikuifuta, kwa sababu anayehitaji daktari lazima awe na mlango wa kuingilia.

Najua wapo watakaosema kwamba madaktari wameyumbishwa na siasa. Siasa imewahi kuingia humo, na sisi Wakenya tuna ushahidi wetu. Mathari hiyohiyo iliongozwa na Mzungu, J. C. Carothers, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, kikituonyesha kama watu ambao akili zao hazikukomaa. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni kuhusu Mau Mau, na watu waliodai ardhi na uhuru wao wakageuzwa kuwa watu waliovurugika nafsi. Kwa hiyo orodha ikirekebishwa sioni aibu. Aibu ingekuwa kung'ang'ania mawazo ya enzi za Carothers.

Lakini nisieleweke vibaya: ugonjwa wa akili upo, na kukataa kuutaja kunaua. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne waliokuwa na umri mkubwa waliuawa na kuchomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa. Nasema katika vijiji vyetu mzee anayepoteza kumbukumbu, anayezurura usiku akiongea peke yake, huitwa mchawi kabla hajapelekwa hospitali, na anayemwita hivyo hana daktari wa kumsahihisha.

Nirudi kwa Audrey na walio kama yeye. Tusiwachanganye na wanaozaliwa na maumbile ya jinsia mbili. Hao sensa ya 2019 iliwahesabu, ikapata 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto walio miongoni mwao. Wala tusitafute jibu katika desturi yetu ya zamani ya mwanamke kumtolea mahari mwanamke mwenzake ili nyumba isiyo na mwana ipate mrithi. Hilo lilikuwa jambo la ukoo na shamba.

Matibabu si kisu tu, kama wengi wanavyodhani. Wapo wanaopata nafuu kwa kuzungumza na mtaalamu na kuishi kwa jina na mavazi wanayoyaona yao. Baadhi ya watu wazima hutumia homoni chini ya uangalizi wa daktari, na wachache hufanyiwa upasuaji. Kuhusu watoto, wataalamu wenyewe wamegawanyika: Uingereza, baada ya ripoti ya Daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 kusema ushahidi ni dhaifu, ilizuia dawa za kuchelewesha balehe, huku vyama vikubwa vya madaktari Marekani vikizitetea. Mimi kwa mtoto nachagua subira. Ila subira niitakayo ni ya mzazi anayekaa na mwanawe na kumsikiliza. Fimbo haijawahi kutibu dhiki hii, na mtoto aliyefukuzwa nyumbani hakuponywa chochote.

Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilisikiliza kilio cha mwanamke aliye kama Audrey, aliyekamatwa mwaka 2019 na kuvuliwa nguo ili akaguliwe. Jaji Reuben Nyakundi aliamuru alipwe shilingi milioni 1, kisha akaielekeza serikali itunge sheria ya kuwalinda watu hawa, au irekebishe mswada wa wenye jinsia mbili uwahusu pia. Mswada kama huo ukifika bungeni, wabunge wetu, kutoka Bonchari hadi Borabu, wataupigia kura. Naomba kabla ya siku hiyo waitishe mabaraza huku nyumbani, na daktari wa afya ya akili kutoka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii awepo kujibu maswali ya wazazi, maana yapo mengi, na wengi hawajawahi kupata wa kuwauliza.