Kazi ya Probesheni: Tujiandae kwa Mahojiano, Tusinunue Nafasi

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia



  

Leo nilikuwa nizungumze juu ya vitabu vya hesabu vya kikundi, lakini mwenyekiti amenikubalia nibadilishe. Sababu ni hii. Juma lililopita mama mmoja alinijia ofisini, na amenipa ruhusa niwaeleze bila kumtaja jina. Binti yake amemaliza chuo, amesomea kazi za jamii, na ameitwa mahojiano ya kazi ya serikali, afisa wa probesheni. Mimi nikafurahi. Lakini mama hakuja na furaha. Alikuja kuuliza kama kikundi kinaweza kumkopesha shilingi elfu sitini kutoka sanduku, ampe mtu fulani mjini ambaye "anajua watu". Wanachama wengi walikuwa wamekwisha kubali.

Nikamwuliza, "Na binti anajua afisa wa probesheni hufanya nini?" Mama akanyamaza. Nikamwita binti mwenyewe. Akaniambia, "Ni kulinda wafungwa." Hapo nikaona shida yetu. Tulikuwa tayari kutoa elfu sitini, na hatukuwa tumetoa hata saa moja ya kumtayarisha.

Tuanze na hizo pesa. Nafasi hizi hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Kuomba kazi ni bure, na mahojiano ni bure. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Tena mwangalie huyo mtu wa mjini anavyofanya biashara yake. Anachukua pesa za watu kumi, halafu anakaa kungoja. Mmoja akipita kwa bidii yake, yeye husema, "Ni mimi niliyemsaidia." Wale tisa wakipiga simu, imezimwa. Yeye hana la kupoteza. Sanduku letu ndilo linapoteza, na hizo ni pesa za mama aliyeuza mayai.

Na jambo lingine. Huyu binti anataka kazi ya kuwarudisha katika njia njema watu waliovunja sheria. Ataingiaje kazi hiyo kwa kuivunja?

Sasa kazi yenyewe. Kijana anayeitwa mahojiano lazima aweze kuieleza kama anamweleza nyanya yake. Hapa kwetu tumezoea kuiita kifungo cha nje, lakini ndani yake mna mambo manne.

La kwanza ni ripoti ya mahakama. Kabla hakimu hajatoa hukumu, anaweza kumtuma afisa aende nyumbani kwa mshtakiwa. Afisa huongea na jamaa, na chifu, na majirani, na yule aliyekosewa pia. Kisha humwandikia hakimu mambo aliyoyakuta.

La pili ni uangalizi wenyewe. Sheria yake ilitungwa zamani za mkoloni, mwaka 1943, na ingali inatumika. Amri ya probesheni haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3. Mtu hukaa kwake, akilima shamba lake na kulea watoto wake, lakini yuko chini ya afisa na masharti ya mahakama.

La tatu ni huduma kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 1998. Aliyekosa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambaye hakimu anaona miaka 3 au chini yake inamtosha, anaweza kupewa kazi ya bure kwa faida ya wote, kama kutengeneza barabara au kupanda miti.

La nne ni kumpokea mtu anapotoka gerezani. Neno parole mmelisikia katika sinema za Marekani. Kwetu mambo si yale. Wafungwa wengi wenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja hupunguziwa theluthi moja wakiwa na bidii na tabia njema. Lakini kutoka ni jambo moja na kupokelewa ni lingine. Afisa huenda mbele kuuliza: mkewe yupo? Shamba lake nani analima? Yule jirani bado ana hasira?

Binti akiyajua haya manne, hataogopa akiulizwa, "Kwa nini unataka kazi hii?" Na aongeze mambo ya siku hizi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, imetaja maadili ya utumishi wa umma, nayo hupenda kuulizwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai.

Nije kwa maswali magumu. Niwaambie kosa langu. Nikiwa kijana, niliitwa mahojiano ya kazi inayokaribiana na hii. Wakaniuliza, "Kijana ameiba ng'ombe wa jirani yako. Mama yake ni rafiki yako kanisani. Utaandika nini katika ripoti?" Nikajibu haraka, kwa moyo wote, "Nitamwombea msamaha, kwa sababu sisi ni Wakristo." Nilidhani nimejibu vizuri sana. Sikupata kazi hiyo.

Nililalamika muda mrefu kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe. Baadaye, nilipozoea kazi za jamii, ndipo nikaelewa. Sikumtaja yule aliyeibiwa hata kidogo. Na sikusema kwamba, kwa kuwa namjua mama, ningepaswa kumweleza mkubwa wangu, ili kesi apewe afisa mwingine. Kuhurumia ni vizuri, lakini hakimu anataka ukweli wa pande zote mbili. Huruma isiyo na ukweli humwumiza mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiulizwa swali la namna hiyo, usikimbilie jibu. Sema utamsikiliza nani, utathibitisha vipi, sheria inakuruhusu nini, halafu ndipo useme utapendekeza nini. Na toa mfano wa kweli kutoka maisha yako. Msichana aliyekuwa mwandishi wa kikundi, akapatanisha wanachama wawili waliogombania mkopo, ana jambo la kusema kuliko aliyekariri kitabu. Usilojua, sema, "Hilo silijui, lakini nitajifunza." Wanaokuhoji si watoto, uongo wanaujua.

Kuhusu vyeti, isome barua ya mwaliko mstari kwa mstari. Kitambulisho na vyeti vya masomo vya asili, si nakala peke yake, vitiwe katika bahasha moja mapema. Vile vyeti vya kuonyesha uadilifu, kama cha tabia njema kutoka kwa polisi na cha ushuru, sheria ilibadilishwa mwaka 2022 ili mwajiri asivitake mpaka awe anakusudia kukupa kazi. Lakini mkopo wa chuo usiukimbie, anza kulipa hata kidogo kidogo.

Siku yenyewe, usisafiri asubuhi ile kama ni mbali. Gari likiharibika njiani nani atakungoja? Vaa nguo safi za heshima, si lazima ziwe mpya. Salimia, ngoja uambiwe keti, na umtazame anayekuuliza.

Na sisi wa vikundi? Tulikaa na wale wanachama tukakubaliana hivi. Sanduku litamkopesha binti nauli na malazi ya usiku mmoja, kwa riba ile ile ya kila mtu. Pia mwalimu mstaafu, mzee wa kijiji na mimi tumemhoji mara mbili jioni. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili mzee alimwuliza juu ya yule kijana wa ng'ombe, naye akajibu, "Kwanza nitakwenda kumwona aliyeibiwa." Mzee alipiga makofi.

Mahojiano ni Jumanne ijayo. Anaweza kupata, anaweza kukosa, maana wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Akikosa, asirudi kwa aibu. Kuna maafisa wa probesheni wa kujitolea, na hapa kijijini tuna vijana wawili waliotoka gerezani ambao hakuna kikundi kilichowapokea. Anayojifunza leo yatawafaa hao. Bwana wetu alijihesabu pamoja na walio kifungoni, nasi tunapita nyumba zao kama hatuwaoni.

Mkienda nyumbani, kila kikundi kiulizane: ni kijana gani wetu ametuma maombi ya kazi, na ni nani atakaa naye jioni moja kumhoji?