Mvua Ikitangazwa, Mfuko Uwe Tayari

(Mazungumzo ya mwanachama, mhasibu na mkazi wa Mbagala, kwenye mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na vijana wote wa Rufiji mnaoishi Temeke, Kinondoni na kwingineko jijini:

Mimi ni mtu wa hesabu, si wa hali ya hewa. Nazungumzia El Nino kwa sababu inagusa mfuko wetu.

Katika Bahari ya Pasifiki, upepo husukuma maji ya joto kuelekea Indonesia. Kila baada ya miaka miwili hadi saba upepo huo hulegea, joto likarudi upande wa Peru, na mvua ikalifuata. Indonesia hukauka, Peru hufurika. Kwetu vuli huzidi, hasa Bahari ya Hindi nayo ikipata joto upande wetu. Mwaka 1997 yote mawili yalikutana. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kubwa, lakini mvua zetu hazikufikia zile za 1997.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza vuli kubwa. Tarehe 3 Desemba matope yaliporomoka Hanang. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini, na kwetu Muhoro na Chumbi zilikuwa majini. Wakati huohuo mahindi ya Zambia yalikauka kwa ukame.

Wazee wetu hawachukii mafuriko. Maji yakipungua tunalima mlau, na mabwawa hujaa samaki. Kinachoumiza ni maji kuzidi kipimo, yakachukua mpunga ulioko shambani pamoja na mbegu iliyoko ndani.

Sasa hesabu. Kutoka Agosti hadi Aprili ni miezi minane. Sisi huchangishana maji yakiwa tayari mlangoni, fedha zikaishia kwenye unga na maturubai. Fedha hizohizo zikitoka mapema zitahamishia mbegu mahali pa juu na kuwakodia wagonjwa na wazee usafiri kabla barabara haijakatika.

Naomba sehemu ya michango ya leo iwekwe kwenye akaunti yake. Mamlaka ikitangaza mvua kubwa, kamati itoe fedha bila kusubiri mkutano. Mvua isipokuja, kitakachobaki kinabaki chetu, na hesabu isomwe hapahapa mwakani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.