Umakini wa Sokoni Usiachwe Uwanja wa Ndege: Mazungumzo na Wasafiri Waendao Ulaya Majira ya Baridi



Wengi wenu mtasafiri kwenda Ulaya kati ya Novemba na Februari: wengine kwa masomo, wengine kwa mikutano ya kikazi, wengine kuwatembelea ndugu walioweka makazi huko, na wachache kwa mapumziko. Kazi yetu ya kila siku ni kumlinda mlaji hapa nyumbani, na mamlaka tuliyopewa na sheria hayavuki mpaka. Hata hivyo, fedha zinazopotea huko ni fedha za nyumbani. Ni akiba ya miezi mingi, ni mchango wa ukoo, au ni masurufu ambayo mwajiri atayadai hesabu. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuzungumza nanyi kabla hamjafunga mizigo.

Jambo tunalotaka mlikumbuke ni moja. Mtu ambaye pale Kariakoo hanunui kitenge kabla ya kuuliza bei katika maduka matatu, akifika Ulaya hutoa kadi ya benki katika duka la kwanza analoliona, wala haulizi neno. Sababu si ujinga. Ni imani kwamba penye kioo, kibao na taa, bei ni halali na ni moja kwa watu wote. Imani hiyo ni kweli kwa nusu tu. Ni kweli kwamba huko bei huandikwa na kwa kawaida haipatanwi. Lakini bei iliyoandikwa si lazima iwe bei nzuri, na mara nyingi sheria haimkatazi mfanyabiashara kuwa ghali, mradi ameionyesha bei yake. Kwa hiyo hasara nyingi za wasafiri hazitokani na wizi wa kunyang'anywa. Zinatokana na ridhaa iliyotolewa kwa haraka.

Ili tusizungumze kwa ujumla, tuuchukue mji wa Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Hatuutaji kwa kuwa wakazi wake ni wabaya kuliko wengine. Kama mtakavyosikia, sheria za huko zimerekebishwa ili kumlinda mgeni. Tunautaja kwa sababu ni mji unaopendwa mno na wageni wakati wa masoko ya Krismasi, na kwa sababu nchi hiyo, ingawa imo katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2004, haitumii euro bali koruna. Hapo ndipo mitego ya kwanza inapotegwa.

Kumbukeni pia hali ya majira yenyewe. Mwezi Desemba jua la Prague huzama yapata saa kumi jioni, na baridi hukaribia nyuzi sifuri au hushuka chini yake. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi havui glavu ili ahesabu noti. Mtu anayetetemeka haendi mtaa wa pili kulinganisha bei, bali huingia mlango wa kwanza wenye joto. Anayetaka kumtoza mgeni kupita kiasi analijua hilo. Kwa hiyo vaeni vizuri, na mambo ya fedha yamalizeni mchana, mkiwa ndani ya jengo na mkiwa mmetulia.

Tuanze na kubadilisha fedha. Msitegemee kubadilisha shilingi huko. Chukueni euro kutoka benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni hapa nyumbani, na mtunze stakabadhi. Mkifika katikati ya Prague mtaona vibao vinavyotangaza kwamba hakuna kamisheni. Tangazo hilo laweza kuwa kweli kabisa na bado mkapata hasara, kwa sababu faida ya mwenye duka imo ndani ya kiwango chenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kiwango cha siku hiyo ni koruna 25 kwa euro moja, na duka linanunua euro kwa koruna 18. Mwenye euro 200 angestahili kupata karibu koruna 5,000, atapewa 3,600. Koruna 1,400 zimekwenda bila kamisheni hata senti moja. Kwa hiyo msiulize kama kuna kamisheni. Ulizeni hivi: “Nikikupa euro 200, utanipa koruna ngapi mkononi?” Jibu liandikwe, mlilinganishe na kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo mlichokitazama asubuhi, ndipo mtoe fedha.

Na mkikosea, sheria imewaachia mlango. Tangu Aprili 2019, mteja aliyebadilisha fedha katika duka la kubadilishia fedha huko Cheki ana haki ya kutengua muamala huo ndani ya muda wa saa tatu, bila kulipa gharama, ikiwa kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Anachohitaji ni kurudi na stakabadhi katika duka lilelile. Angalieni jinsi haki hiyo ilivyo: ina muda, na inasimama juu ya karatasi. Aliyeitupa stakabadhi mlangoni, au aliyegundua kosa lake usiku hotelini, amekwisha kuipoteza.

Haki hiyo haimfai kabisa anayebadilisha fedha barabarani. Mtu atawafuata akinong'ona kwamba ana kiwango bora kuliko maduka. Noti atakazowapa huenda ni halisi, lakini si koruna: huenda ni za nchi nyingine, zenye thamani ndogo mno, au zilizokwisha kuondolewa katika matumizi. Mgeni asiyezijua noti za nchi hugundua pale anapokataliwa dukani. Kabla ya safari, tazameni picha za noti za koruna hadi mzizoee.

Sasa kadi za benki. Katika mitaa ya wageni kuna mashine nyingi za kutolea fedha zisizo za benki, zenye rangi za kuvutia na ada kubwa. Tafuteni mashine iliyopo kwenye tawi la benki. Kisha mwe macho na swali moja litakalotokea kwenye kioo cha mashine, na pia kwenye kifaa cha malipo dukani na mkahawani: je, mnapenda kulipa kwa koruna, au kwa fedha ya nyumbani kwenu? Swali hilo limevishwa vazi la wema, kwa kuwa fedha ya nyumbani mnaielewa. Mkiichagua, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, naye hupanga kwa faida yake. Chagueni koruna siku zote, ili benki yenu ndiyo ifanye hesabu. Wakati mwingine kitufe cha kukataa huandikwa kana kwamba muamala wote utafutwa. Msiogope, mnachokataa ni kiwango chao tu. Kanuni za mitandao ya kadi zinamtaka mfanyabiashara awape nafasi ya kuchagua, asiwachagulie. Nanyi kabla ya kuondoka, iulizeni benki yenu inatoza kiasi gani kwa matumizi ya nje, maana nayo hutoza.

Upande wa usafiri, msimfuate mtu anayewalaki ukumbini uwanja wa ndege na kuwauliza kama mnataka teksi. Tumieni programu ya simu inayoonyesha nauli kabla ya safari kuanza, au usafiri wa umma unaounganisha uwanja na metro. Hapa tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tiketi ya karatasi ya Prague lazima igongwe muhuri mara moja, kwenye kisanduku cha njano, mnapoanza safari. Mwenye tiketi isiyogongwa ni sawa na asiye na tiketi, na faini ni kubwa mara nyingi kuliko nauli. Faini hiyo si utapeli. Ni sheria, na kutojua hakumwokoi mtu. Lakini mkaguzi wa kweli ana beji na hutoa risiti. Mnayo haki ya kuviona vyote viwili kabla ya kulipa.

Kuhusu chakula, mfano maarufu uko katika masoko ya uwanja wa Mji Mkongwe, ambako paja la nguruwe huchomwa juu ya moto wa kuni. Kibao huonyesha bei kwa tarakimu kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo kimeandikwa “gramu 100”. Tuseme bei hiyo ni koruna 120. Muuzaji akikata kipande cha gramu 300, mteja aliyeshika noti moja ataambiwa alipe 360, na nyama imekwisha kukatwa. Kisheria hakudanganywa, kibao kilikuwapo. Dawa yake ni kusema mapema mnataka gramu ngapi na kuuliza jumla kabla kisu hakijagusa nyama. Wale ambao dini yao inakataza nguruwe nao waulize, kwani nyama hiyo huingia katika vyakula vingi vya soko hilo, na vinywaji vingi vya moto vinavyouzwa hapo ni mvinyo.

Mkahawani, msidhani kwamba kilichowekwa mezani bila kuagizwa ni takrima. Mkate waweza kuingizwa kwenye hesabu, na maji kwa kawaida hulipiwa. Bahashishi ni hiari ya mteja. Desturi ni takriban asilimia 10 mkiridhika na huduma, wala mhudumu hana haki ya kuidai. Someni hesabu mstari kwa mstari mkiwa mmekaa. Na kama mguu unaruhusu, tembeeni mitaa miwili mitatu kutoka uwanja mkuu. Mara nyingi mtawakuta wenyeji wenyewe wakila, na bei imeshuka.

Limebaki la polisi bandia. Mtu mmoja anawauliza njia, au anawaomba mbadilishane fedha. Mara wanatokea wawili waliovaa kiraia, wanaonyesha kitambulisho kwa kufumba na kufumbua, na wanadai kukagua noti zenu kama ni halali. Noti zikirudi zimepungua. Msafiri mgeni, tena mwenye viza mkononi, huogopa kubishana na dola. Ielewekeni: polisi wanaweza kuwataka hati za utambulisho, lakini hawakagui pochi za wapita njia barabarani. Semeni kwa adabu kwamba mko tayari kuongozana nao hadi kituoni, au pigeni namba ya polisi wa Cheki, 158, au ile ya dharura inayotumika kote katika Umoja wa Ulaya, 112. Polisi wa kweli hatakasirishwa na jambo hilo.

Ndugu wasafiri, hata mwenye tahadhari hupatwa. Tunajua kinachofuata, nacho ni aibu. Mtu hunyamaza, hamwambii mwenzake wa chumbani, akirudi nyumbani husimulia theluji na majengo tu. Tunawasihi msifanye hivyo. Kukosea katika mji usioujua si fedheha, na kunyamaza kunamnufaisha mtu mmoja tu, yule aliyewadhulumu. Kama ni kadi, ipigieni benki saa ileile iifunge. Kama ni duka la kubadilishia fedha, rudini na stakabadhi kabla muda haujaisha. Maduka hayo husimamiwa na Benki Kuu ya Cheki. Kama ni duka au mkahawa uliotoza kinyume cha bei iliyoonyeshwa, piga picha ya kibao, tunza risiti, na upeleke malalamiko kwa Ukaguzi wa Biashara wa Cheki, ambacho ni chombo cha serikali. Kama ni wizi, nendeni polisi mkachukue taarifa ya maandishi, maana kampuni ya bima haitawasikiliza bila hiyo. Na kabla ya safari, andikeni kwenye karatasi namba ya simu ya benki na ya ubalozi wetu unaohusika na nchi mnayokwenda, kwani huenda ubalozi huo haumo katika mji huo, na simu iliyoibwa haiwezi kuwakumbusha namba.

Mkisahau yote tuliyoyasema, shikeni maswali matatu. Jumla ni kiasi gani? Ni kwa fedha ya nchi gani? Risiti yangu iko wapi? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nanyi mmekuwa mkiuliza katika masoko ya hapa maisha yenu yote. Ulizeni na huko, kwa Kiingereza cha kuvunjika au kwa kuandika tarakimu kwenye kiganja, na ulizeni kabla ya kulipa. Mfanyabiashara mwaminifu atawajibu. Asiyetaka kujibu amewapa jibu lake. Ondokeni mkaendelee na safari yenu.

Tunawatakia safari njema na marejeo mema. Mkirudi, karibuni ofisini mtusimulie, pamoja na yale yaliyowauma, ili watakaosafiri msimu ujao wayasikie mapema.