Maji Yenye Harufu ya Dawa

Leo tuzungumze juu ya maji unayochota bombani hapo kambini, yale yenye harufu ya dawa.

Wapo wanaosema, "Maji haya yananuka, heri ya mtoni." Wengine hunong'ona kwamba dawa hiyo inafunga uzazi. Ndugu yangu, hiyo si kweli. Dawa hiyo ni klorini, na imetiwa ili kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Inaviuaje? Klorini hupenya ganda la kijidudu na kuharibu vilivyomo ndani, nacho hufa. Mbona wewe haikudhuru? Siri ni kipimo. Kwa kawaida maji ya bombani hubakiwa na klorini kama nusu miligramu hivi kwa lita. Dumu zima la lita 20 lina kama miligramu 10 tu, pungufu sana ya chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Shirika la Afya Duniani linakubali hata miligramu 5 kwa lita, kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote.

Wazee wetu waliokuwa Goma mwezi Julai 1994 wanajua maji yasiyo na dawa hufanya nini. Wakimbizi kutoka Rwanda walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Lakini sikiliza vizuri: klorini huisha. Ikikuta utelezi ndani ya dumu, au ukitumbukiza kikombe kichafu kwenye ndoo, dawa humalizikia kwenye uchafu huo, na vijidudu vipya hukuta maji hayana mlinzi. Kwa hiyo tia kokoto ndogo na maji ya sabuni ndani ya dumu, tikisa kwa nguvu, kisha suuza vizuri. Funika maji yako na uyamimine, usichovye. Wala usijitilie dawa ya kufulia kwa kukisia. Kipimo waachie wahudumu wa maji.

Na mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpe ORS na mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Mama, baba, kijana: ukisikia harufu ile kesho bombani, jua mlinzi yuko kazini. Mweleze na jirani.