Kutafuta Ramani za Majengo ya Zamani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabata)



Mlituomba tuseme juu ya kazi tuliyoifanya miaka mingi, nayo ni kazi ya masjala, na hasa tueleze jinsi mtu awezavyo kuipata ramani ya jengo la zamani katika majalada ya serikali ya mji. Pengine wako wanaodhani kuwa habari hii ni ya makarani na mchwa tu. Twaomba mtuvumilie, maana tumeona kwa macho yetu kwamba karatasi moja iliyopotea yaweza kumgharimu mtu nyumba yake, na pengine roho yake.

Na tuanze na jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alirithi nyumba ya marehemu baba yake iliyojengwa Tabata mwaka 1976. Akataka kuongeza ghorofa moja juu yake, apate vyumba vya kupangisha. Fundi wake, mtu mwaminifu, akamwambia, "Mama, sitaweka hata tofali moja juu ya nyumba hii mpaka nijue msingi wake ulichimbwa namna gani. Nitafutie ramani." Mama yule akaenda kuuliza. Miezi mitatu akapelekwa dirisha hili na dirisha lile, na kila mahali jibu likawa moja: "Haipo." Ndipo alipotujia, akasema, "Mzee, nimechoka. Niambie kama karatasi hii ipo duniani au haipo."

Tulimwuliza neno moja tu: mwaka 1976, ni nani aliyekuwa na amri ya kutoa ruhusa ya kujenga mahali pale? Akajibu, "Halmashauri." Tukamwambia, "Mama, mwaka ule halmashauri ya mji haikuwapo."

Wanachama wenzetu, hilo ndilo neno tulilokuja kulisema, na mengine yote ni maelezo yake. Ramani ya jengo haikai na jengo. Hukaa na ofisi iliyotoa kibali. Ofisi hufa, huzaliwa, hugawanywa na kubadilishwa jina, na karatasi zake hurithiwa kama mali ya marehemu, nyingine kwa haki, nyingine kwa bahati tu. Basi atafutaye jengo la zamani hana budi kwanza ajue nasaba ya ofisi.

Nasaba ya ofisi za Dar es Salaam ni hii. Mji ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, na mwaka huo huo wakatoa amri ya ujenzi. Mwaka 1914 waliugawa mji katika maeneo matatu: la kwanza la nyumba za namna ya Kizungu, la pili la nyumba za vifaa imara, na la tatu la nyumba za namna yoyote. Waingereza waliingia mwaka 1916, nao wakaufuata mgawanyo huo kwa muda mrefu. Mji ukawa Manispaa mwaka 1949, na Jiji mwaka 1961. Katika miaka ya 1970 serikali za miji zilivunjwa, kazi zao zikapewa mikoa na wilaya. Zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena ikawekwa Tume, na mwaka 2000 zikatokea manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Tabata, iliyokuwa ndani ya Ilala, ikajikuta ndani ya Jiji pasipo kuhama hata hatua moja.

Hesabuni wenyewe ni mara ngapi majalada yamebebwa katika magari kutoka jengo moja kwenda jengine! Na kila safari ina kifurushi kinachosahauliwa chini ya ngazi.

Sasa twaeleza njia ya kutafuta, nayo ina hatua nne.

Kwanza, mtafutaji apate namba ya kiwanja na ya kitalu, mwaka wa kujengwa, na jina la mwenyewe wa kwanza. Asitegemee jina la barabara, kwa kuwa majina hubadilika. Barabara tuijuayo sote kwa jina la Samora, siku za Waingereza iliitwa Acacia, na baada ya Uhuru ikaitwa Independence. Mwenye kuuliza jengo la mwaka 1935 kwa jina la Samora atajibiwa kwamba halipo, naye aliyemjibu hatakuwa amesema uongo.

Pili, aulize kwanza vitabu vya kuandikishia, kabla ya kuuliza mchoro wenyewe. Ramani ni karatasi kubwa. Hukunjwa, hukatika mikunjoni, huazimwa na isirudi. Lakini kitabu cha masjala ni kigumu na hakuna anayekiazima. Mara nyingi tumekuta kitabu kizima kina mstari unaosema ombi lilipokewa siku fulani, likapewa namba fulani, na hali mchoro hauonekani. Mstari ule ni ushahidi, nao ndio unaoonyesha jalada la kufunguliwa.

Tatu, asiishie katika ofisi moja. Jengo moja huacha nyayo mahali pengi. Ramani ya upimaji husajiliwa kwa wapima ardhi wa Serikali. Mchoro wa mipango miji huwa kwa watu wa mipango miji. Hati huwa kwa msajili. Na thamani ya nyumba iliandikwa na waliotoza kodi ya majengo. Kwa mahali kama Tabata kuna faida nyingine: katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuweka huduma katika sehemu kadhaa za mji kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Tabata ikaingizwa katika awamu ya pili. Mpango mkubwa namna ile hauachi karatasi mahali pamoja tu. Tena iko mipango mikuu ya mji, ya miaka 1949, 1968 na 1979, inayoonyesha ardhi ilikusudiwa kazi gani.

Nne, kwa mambo ya kale zaidi, aende katika Nyaraka za Taifa. Huko yamo majalada ya Wajerumani, majalada ya Sekretarieti ya Waingereza, na vitabu vya wilaya walivyoviandika maofisa wao. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 yasema kwamba kumbukumbu za umma zilizotimiza miaka 30 zaweza kusomwa na watu, na kwamba hapana ofisi iliyo na ruhusa ya kuziharibu kwa amri yake yenyewe. Sheria hiyo yazihusu serikali za mitaa kama izihusuvyo wizara.

Hapa yatupasa tuseme ukweli wenye uchungu kidogo. Atafutaye nyumba ya mawe ya eneo la kwanza atapata karatasi nyingi. Atafutaye nyumba ya udongo na makuti ya babu yake atapata chache mno. Si kwamba babu hakujenga. Ni kwamba walioandika hawakuona haja ya kumwandika. Kwa hiyo nyumba za namna hiyo tuziulize kwa wazee wangali hai, tuyaandike maneno yao na kuyatia tarehe, ili nayo yawe jalada.

Mtu aweza kusema, "Haya ni ya kupendeza wasomi." Sivyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36, na ikasemwa kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile za kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, pakawa na kilio kikubwa tena. Mahali pa kuuliza kwanza, kabla mtu hajatia sururu, ni masjala. Karani aliyeitunza ramani ameketi pamoja na mhandisi, ingawa hakuna amwonaye.

Na sisi watu wa Tabata tuna sababu yetu ya kuiheshimu karatasi. Mwaka 1988 wakazi wa hapa waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka kati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikaamuru utupaji ule ukome. Halmashauri ilipoomba kuongezewa muda, mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema kwamba moshi na uvundo ule wahatarisha haki ya watu ya kuishi. Wakazi wale hawakuwa na nguvu nyingine isipokuwa maandishi na subira. Hukumu ile yasomwa na wanafunzi wa sheria hata leo, kwa kuwa kuna aliyeihifadhi.

Turudi kwa mama yetu. Tulifuatana naye mpaka mahali yalipowekwa majalada ya zamani ya wilaya, na kijana wa masjala akatupokea kwa adabu. Siku ya pili tukauona mstari katika kitabu, na siku ya nne kijana yule akauona mchoro wenyewe, umekunjwa ndani ya jalada la kiwanja cha jirani. Mama aliiona sahihi ya baba yake pembeni, akanyamaza kitambo kirefu. Fundi akausoma msingi: ulichimbwa kwa nyumba ya chini tu. Basi ghorofa haikujengwa. Mama amejenga vyumba vitatu uani, wapangaji wamo, na nyumba ya baba yake ingali imesimama.

Kwa vijana walio kazini tuna maneno machache. Msichome jalada kwa sababu kabati limejaa. Msitoe mchoro bila kuandika jina la aliyeuchukua. Mkinakili kwa kompyuta, msiitupe asili. Mtu akija, msimwambie "Haipo" kabla hamjatazama, wala msiifanye karatasi ya umma kuwa bidhaa ya kuuza kwa kikombe cha chai. Asemaye "Haipo" bila kutazama amelibomoa jengo kwa ulimi.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yamekwisha. Aliye na swali na aulize, na aliye na mchoro wa zamani chini ya godoro nyumbani kwake, tafadhali aulete tuunakili.