MIMEA IKAAYO JUU YA MITI MIZEE
Maneno kwa wakulima wa Bukavu na Kabare

Ndugu wakulima, leo ninataka kuwaeleza habari ya mimea isiyoota katika udongo, bali juu ya matawi ya miti. Mtu anayetoka Bukavu, akapita Miti na kufika msitu wa Kahuzi kwa Tshivanga, ameiona. Mti mzee umevikwa majani madogo laini kama manyoya ya kondoo. Matawi yake yana ndevu za rangi ya majivu. Katika panda za matawi yameota majani marefu na maua mazuri.

Watu wengi wanasema: "Mti huu ni mgonjwa, wageni hawa wanaula. Tuukate, tuchome makala." Je, ni kweli? Sikilizeni kwanza, kwa maana wageni wa mti ni wa ginsi tatu.

Wa kwanza ni mwizi. Huyu anaota hata juu ya kahawa na avoka zenu. Mbegu yake inanata kama ulimbo. Ndege anakula tunda, kisha anapangusa mdomo juu ya tawi, na mbegu inabaki pale. Mzizi wake unapenya ganda, unaingia ndani ya mti na kunyonya. Alama yake ni hii: pale alipoungana na tawi pamevimba, wala hang'oki. Huyu msimhurumie. Kateni tawi lenyewe, chini ya pale alipoingia, mbele ya matunda yake kuiva.

Wa pili ni mtini wa mwitu. Mbegu yake vilevile inaletwa na ndege. Unaanza juu, unashusha mizizi mpaka chini, unauzunguka mti uliouchukua, na kisha ya miaka mingi unaweza kuuua.

Wa tatu ndio wale wa manyoya, ndevu na maua. Hawa wanakaa tu. Mizizi yao inashika ganda kwa inje, haiingii ndani. Chakula chao ni vumbi, na majani yaliyooza katika panda za matawi. Kinywaji chao ni mvua na ukungu. Wengi wenye maua wana mizizi iliyofunikwa ngozi nyeupe, inayofyonza maji upesi kama sifongo. Mara moja moja uzito wao unavunja tawi, lakini hawaunyonyi mti.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amelishika jembe mwenyewe. Kazi yake ni kuchunga maji. Mvua kubwa ikianguka juu ya kilima kitupu, inabeba udongo wa shamba mpaka bondeni. Ikianguka juu ya mti wenye manyoya, inakamatwa, kisha inashuka polepole tone kwa tone. Hata siku isiyo na mvua, manyoya na ndevu zinakamata ukungu unaopita. Mwaka 1980 mtaalamu Tamás Pócs alitoa hesabu ya milima ya Uluguru, inchi ya Tanzania. Katika msitu wa juu kabisa, mimea hiyo ya hektari moja iliweza kushika karibu lita 50,000 za maji kwa mvua moja. Ndiyo bidoni 2,500 za lita 20!

Sasa fikirini mlima Kahuzi, wenye urefu wa metre 3,308. Vijito vyake vingine vinashuka kwa ziwa Kivu, vingine vinakwenda magharibi kwa mto Lowa. Watu wanakunywa maji hayo, ngombe vilevile.

Mtu atasema: "Nitakata mti mzee, nitapanda mwingine." Vema, lakini mti mpya hauna wageni. Kwanza manyoya yaote, kisha majani yaoze na kuwa udongo juu ya tawi, ndipo maua yapate mahali. Kazi hiyo ni ya miaka makumi mengi. Mkaliptusi utakupa kuni upesi, lakini ganda lake linabanduka, na wageni hawapati pa kushika.

Basi fanyeni hivi:

1. Pandeni miti ya kuni na makala katika mashamba yenu. Mikaliptusi ikae mbali na chemchemi, kwani inakunywa maji mengi.
2. Mti mzee ulio juu ya chemchemi, uacheni na wageni wake wote.
3. Msikate katika msitu wa Kahuzi. Ulilindwa tangu mwaka 1937, na mwaka 1970 ukafanywa Parki ya Kahuzi-Biega.
4. Mbele ya kushika panga, tazama mzizi wa mgeni. Umeingia ndani ya tawi? Kata tawi. Umeshika ganda tu? Rudisha panga.

Makala ya mti mmoja yanaisha kwa siku chache. Maji ya mti huo yangewafikia wajukuu wenu.